Kisanduku cha Katikati

ANACLET: Allô? Nani uyo?

KAHAMBU: Dada yako mukubwa, Kahambu. Niko kazini, mutaa ya Ganshoren, nasafisha kwa ile Madame muzee.

ANACLET: Ah, yaya. Habari ya—

KAHAMBU: Mubaya. Ile tricycle yake ya salon, kinga ya magurudumu tatu ya babu yake, ya wakati ya malkia Victoria. Nilikuambiaka.

ANACLET: Euh... kidogo.

KAHAMBU: Neveu yake, mutoto wa ndugu yake, aliibeba, eti ya kusafisha. Jana ameirudisha. Anaclet, hii haiko ile.

ANACLET: Namna gani haiko ile?

KAHAMBU: Naipanguzaka kila Ijumaa, miaka sita. Naijua. Kuibia shangazi yako, damu moja, unaona?

ANACLET: Pole pole, yaya. Mimi ndiye fundi, mécanicien. Angalia magurudumu. Mbili kubwa pembeni, kadogo moja mbele?

KAHAMBU: Ndiyo.

ANACLET: Pneu iko na mahali ya kuingiza hewa?

KAHAMBU: Hapana. Mupira mutupu.

ANACLET: Voilà. Zamani ile hewa haikuwa. Na levier, ile chuma ya kugeuzia, pembeni ya kiti?

KAHAMBU: Iko—

ANACLET: Donc ni yenyewe. Kaa na amani.

KAHAMBU: Nimeisukuma. Ile yetu, ukikata kona, gurudumu ya inje inakimbia, ya ndani inaenda polepole. Hii, zote zinazunguka sawa. Imekwaruza parquet, mbao ya chini, yote.

[réseau ya simu inakatika-katika]

ANACLET: ...allô? Ile ni kisanduku ya katikati, différentiel. Labda imeshika kutu.

KAHAMBU: Nimeifungua. Ndani hamuna kitu.

ANACLET: Alors, yaya, ile kitu ni nguvu. Meno yote ile, kukata na mukono, quinze jours tu, nani ata—

KAHAMBU: Quinze jours? Siku kumi na tano?

ANACLET: Nasema tu.

KAHAMBU: Sikukuambia aliibeba siku ngapi. Kesho muntu wa musée, ile nyumba ya vitu vya zamani, anakuja kuichukua. Akiona ni ya uongo, funguo ya hii nyumba iko kwa nani? Kwa neveu? Iko kwangu. Nitafukuzwa kama mwizi, Anaclet. Naogopa.

ANACLET: Yaya, niko na client hapa—

KAHAMBU: Ya kweli iko wapi?

ANACLET: Sikusikie muzuri. Réseau ya hapa Evere—

KAHAMBU: Iko wapi?

ANACLET: Bon, yaya, unités za simu zinaisha, tutaongea—

KAHAMBU: Ni mimi nimekuita, Anaclet. Unités ni zangu.