Jeki Aliyejifunza Kusema "Tua"

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, fundi mkuu wa karakana yetu ya vioo anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kukata, kubeba na kufunga vioo. Jina lake kamili liko kwenye kitambulisho. Sisi tunamwita Jeki, kwa sababu tangu aajiriwe hajaona kitu kizito akakiacha kikae chini kwa amani.

Alianza kwa kupiga msasa kingo za vioo, akapanda hadi meza ya kukatia, na hapo hana mpinzani. Anapitisha kikatio juu ya kioo mara moja, anagonga kidogo kwa chini, kioo kinaachana kama kilichoombwa kwa adabu. Madirisha ya maktaba ni kazi yake, na vioo vya kwa kinyozi, ambako nusu ya mji huenda kukagua vipara.

Ila sifa tupu ni za mazishini, na Jeki bado anapumua, kwa hiyo tuseme yote.

Kioo kikubwa hubebwa na watu wanne. Anayehisi mkono unalegea husema "tua", na papo hapo wote wanakishusha juu ya mbao. Hakuna anayeuliza kwa nini. Jeki aliamini neno hilo lilitungwa kwa ajili ya watu wengine. Siku moja, mlangoni mwa duka la viatu, mkono ukamwisha nguvu. Akanyamaza, uso ukaiva kama nyanya, kioo kikaja chini. Mimi nilishonwa mguu. Yeye akailaumu sakafu.

Tangu hapo, akiita watu wa kubeba, karakana nzima ilishikwa na haja ndogo. Meneja akamwita akamweleza wazi: fundi asiye na mtu wa kushika naye upande wa pili atakaa mezani apokee simu mpaka astaafu. Kwa Jeki, hiyo ilikuwa sawa na kuzikwa amekaa.

Wakati huohuo daktari naye akamwagiza apunguze tumbo. Shemeji yake akampeleka kwenye ukumbi ulio juu ya duka la magodoro, wanakofanya jiu-jitsu ya Kibrazili, mchezo wa kukabana chini mkekani, bila ngumi wala mateke. Jeki akawatazama waliokuwemo, akacheka. Akapangiwa fundi cherehani, mama mwembamba ambaye akisimama nyuma ya mlango utamdhania fagio. Kabla Jeki hajamaliza kucheka, mama yuko mgongoni kwake na kabali imekaa shingoni.

Mwalimu akamkumbusha kwamba akigonga mkeka kwa kiganja ataachiwa. Fundi cherehani naye akamnong'oneza: "Gonga, baba, nina nguo za watu nyumbani." Jeki hakugonga. Alipozinduka aliuliza nani kazima taa.

Mkewe anasimulia kwamba alirudi kama shuka lililokamuliwa, akasusa chakula, akakaa anatazama ukuta. Tulidhani kaacha. Kumbe karudi kulekule, na mwalimu akamwambia kuwa asiyegonga hafundishiki, maana hakuna atakayethubutu kufanya naye mazoezi. Maneno hayo yalimwingia, kwa kuwa alishayasikia kwa meneja yakiwa yamevaa shati jingine.

Basi akaanza kugonga. Aligonga kwa fundi cherehani, akagonga kwa mwanafunzi wa ukunga, akagonga hata kwa muuza magodoro wa chini, aliyepanda kuangalia tu. Mkanda wake mweupe ulifuliwa mpaka ukawa wa kijivu. Kila alipogonga walimwonyesha alipokosea, wakaanza upya, na hakuna aliyemcheka isipokuwa shemeji yake, ambaye hiyo ndiyo kazi yake.

Sisi karakanani tulimcheka kwa niaba ya wote. Babu mzima, ana wajukuu, anagaragazwa na washonaji.

Ikaja siku ya kliniki. Kioo kizito, ghorofa ya pili, na meneja mwenyewe katupanga. Hakuna kwenda chooni. Jeki na dereva walishika juu, mimi na binti anayetupimia vioo karakanani tukawa chini. Kioo kikiponyoka kwenye ngazi huwa kinajua pa kwenda. Kwenye kona nikaona uso wa Jeki unaanza kuiva. Nikamkumbuka mke wangu. Nikaukumbuka na mguu.

Jeki akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, "Tua."

Tulishangaa nusura tusitue. Kioo kilipokaa juu ya mbao alikunjua vidole akamwambia binti, "Mwanangu, mkono umeniisha. Kamwite mlinzi achukue upande wangu, mimi nitafungua milango." Akafungua milango yote, na kwa heshima, hata ule uliokuwa wazi. Kioo kiko pale mpaka leo, kizima, wagonjwa wanachania nywele. Tulipokuwa tunakunywa chai alinigeukia mbele ya wenzetu akaniambia kuwa ile sakafu ya duka la viatu haikuwa na kosa.

Siku hizi fundi mgeni kwetu hufundishwa kusema "tua" kabla ya kufundishwa kunyanyua, na anayefundisha ni Jeki. Hajashonwa mtu tena. Tusimfanye malaika lakini: alipopandishwa daraja akapewa mkanda wa bluu alikuja nao kazini mfukoni, akatafuta funguo mfuko uleule mpaka sote tukauona.

Juzi alipewa kazi yake ya mwisho, kioo cha bafuni, saizi ya sinia, cha kubebwa kwapani. Karakana nzima ikajitokeza kushika upande wa pili. Tukagombana mpaka meneja akatoka ofisini. Mwishowe tulikwenda wote, mwenye nyumba akauliza kama tumekuja kumhamisha.

Asante, Jeki, kwa kazi, kwa vituko, na kwa kutufunza kusema mkono unapochoka. Tunakuombea siku ndefu zenye raha, mgongo mzima, na fundi cherehani akuhurumie. Ukiwa na kitu cha kubeba huko nyumbani, hata kiti, tuite, tutakuja.