Kiti cha Akech na Nta ya Phares

Phares Ndalo alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 katika nyumba za reli za Makongeni, kifungua mimba wa karani wa reli. Alisoma mtaani humo humo, ambako walimu walimkumbuka kwa kufungua vitu visivyo vyake, ikiwemo kengele ya shule. Alimaliza kidato cha nne mwaka wa 1989, kisha akasomea ufundi wa mitambo.

Alianza kazi Industrial Area, akiunda bodi za magari. Mwaka wa 1996 aliingia karakana moja ya ndege ndogo, akakutana na nyuzi za kaboni zilizofumwa kama kitambaa, na jamani, alituchosha nazo maisha yake yote. Ukimpa chai tu anaanza: kitambaa cha kaboni chini, povu gumu katikati, kitambaa kingine juu, gundi, halafu vyote vinafungwa kwenye mfuko wa plastiki na kunyonywa hewa mpaka vishikane. "Ni mkate na siagi tu," alikuwa akisema, "ila huu hauna uzito na hauvunjiki." Baadaye yeye na rafiki yake Mahmud walifungua karakana yao Kariobangi. Pampu ya kunyonya hewa waliitoa kwenye friji bovu.

Tarehe 4 Desemba 1999 alimwoa Anyango, wakahamia Umoja, ghorofa ya tatu. Mwaka wa 2003 walijaliwa mtoto wao wa pekee, Akech. Uti wa mgongo wake haukuwa umefunga vizuri, na miguu haikupata nguvu. Anyango alimshusha ngazi mgongoni, akapanda tena kukifuata kiti cha magurudumu, cha chuma, kizito ajabu. Mgongo ukimuuma mama, Akech haendi shule. Phares akaapa kutengeneza kiti ambacho mkewe angekibeba kwa mkono mmoja.

Cha kwanza kilimshinda. Kabla ya kutandaza kitambaa juu ya kalibu, lile umbo la plasta linalokipa kiti sura yake, fundi hulipaka nta. Asipopaka, gundi haiachii. Phares, kwa haraka zake, alisahau. Wakagonga, wakavuta, wapi! Akakileta nyumbani hivyo hivyo, kiti na kalibu yake. Anyango alijaribu kukiinua, akashika ukuta kwa kicheko. "Baba Akech, hiki si kiti, ni jiwe la kusagia!"

Cha pili kilitoka vizuri, na Akech hakukosa shule tena. Lakini mtoto hukua, na kila alipokua Phares alichonga kalibu mpya. Ile ya utu uzima aliimaliza mwaka huu, 2025, akiwa tayari anaugua saratani ya koo. Alilazwa kabla ya kutandaza kitambaa. Kazi hiyo ikabaki kwa Mahmud na Akech, na kalibu nyingine hakungekuwa na wa kuichonga.

Sauti ilikuwa imekwisha. Jumatatu, tarehe 8 Septemba, alizungusha kiganja juu ya shuka, tena na tena. Muuguzi alidhani anawashwa. Anyango alielewa. Karakanani hakuwa amefika, hakujua lolote, lakini alimshika mkono akamwambia, "Imepakwa, Baba Akech. Lala." Akalala. Alifariki Jumanne asubuhi, akiwa na miaka 54.

Jumamosi Mahmud alipenyeza kabari za mbao kwenye ukingo wa kalibu, Anyango akiwa amefumba macho. Kiti kiliachia kwa mlio mmoja, kisafi.

"Nani alipaka?" Anyango akauliza.

"Ni mimi," Akech akasema. "Kwani nilikuwa nikalie jiwe la kusagia?"

Wakacheka, halafu Anyango akalia sana, nasi tukamwacha alie. Kiti ndicho hicho hapo mbele, na Akech amekikalia.

Phares ameacha mjane, Anyango, binti, Akech, na Mahmud, aliyekuwa ndugu. Apumzike kwa amani. Nta ilipakwa.