Dawa ya Homa Ambayo Sikuwa Nayo

Yesu asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe kwenu mliokaa mbele, asifiwe na kwenu nyinyi wa mlangoni mnaojiandaa kutoka mapema. Hapana, kaeni kwanza. Leo nasimama mimi, Anselmi, mnayenijua kwa mdomo wangu. Wengi mmeshaniomba ninyamaze, leo nawaomba nyinyi mnyamaze kidogo, maana Bwana amenitendea.

Mnanijua nilivyo. Shuleni kwa mapadre nilijifunza kusoma, kuhesabu, na kuiga kikohozi cha mwalimu. Hicho cha tatu ndicho nilichofaulu sana. Kila jambo kwangu lilikuwa mzaha, na nikibanwa natoa uongo, nacheka, napita.

Basi, pale mto Kingani kuna Bwana Shomari, mwenye mtumbwi wa kuvusha watu. Alianguka akavunjika mkono. Mkewe, Bi Mwanaidi, akashika upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, badala yake, naye ni mja mzito, tumbo linafika mahali kabla yake. Wakawa wanatafuta kijana wa kumpumzisha. Nikaenda. Upondo naujua tangu utoto.

Bwana Shomari akanitazama juu mpaka chini. "Kiboko unamwogopa?"

Nikamwambia, "Kiboko ndiye aniogope mimi, sijala tangu jana."

Bi Mwanaidi akacheka mpaka akakaa chini, akanipikia wali na samaki. Nikala, tukakubaliana nianze Alhamisi. Na nilipokuwa nikila akaja kijana mwingine kuomba kazi ileile. Wakamwambia, pole, mtu tumeshampata. Mtu mwenyewe ni mimi, mashavu yamejaa wali, siwezi hata kumjibu salamu!

Ndugu zangu, shetani hakukawia. Jumatano niko mjini Bagamoyo, nawachekesha wapagazi, mnyampara wa msafara mmoja wa kwenda bara akaniona. Akaniita, "Wewe mwenye maneno, unaweza uaskari?" Koti jekundu! Bunduki begani! Na mshahara ambao kule kivukoni ningeupata labda viboko nao wakianza kulipa nauli. Nikasema naweza, kabla hajamaliza kuuliza.

Na kwa Bwana Shomari je? Nilimtuma muuza ndizi mmoja anayepita huko. Nikamwambia, kawaambie Anselmi ameshikwa na homa kali, hawezi kuinuka. Nikalivaa koti, nikazunguka mji mzima watu wanione. Mgonjwa gani huyo!

Sasa nyinyi watu wa hapa mnajua kwamba misafara ya bara inavuka pale pale Kingani. Na mimi nilijua. Lakini nilipolivaa lile koti, akili niliivua.

Jumamosi asubuhi tukafika mtoni. Mitumbwi miwili inavusha. Nikachungulia kwa nyuma ya mzigo wa shanga wa mpagazi mmoja, nikamwona Bi Mwanaidi amesimama tezini, nyuma kabisa ya mtumbwi, kanga kaifunga juu ya tumbo, jasho linamtoka. Nikajipenyeza kwenye mstari wa mtumbwi ule mwingine. Mnyampara akanishika kwenye ukosi. "Huku kumejaa. Nenda kule!" Siku ile, ndugu zangu, Mungu alikuwa anatembea na mnyampara.

Nikaingia nimeinamisha kichwa, kofia imefika puani.

"Anselmi? Ni wewe, mdogo wangu?"

"Shikamoo, Bi Mwanaidi."

"Marahaba. Homa imepoa?"

Nilitegemea anikejeli. Nikamwangalia usoni, sikuona kejeli. Aliniamini! Akainama kwa taabu, akatoa kibuyu kidogo chini ya miguu yake. "Nilikuchemshia dawa ya majani. Siku tatu natembea nacho humu nangoja mtu anayejua unakolala mjini, sikumpata. Kunywa. Homa ikirudi njiani huko, nani atakutazama?"

Askari wenzangu wakaanza kucheka. "Kunywa, mgonjwa! Usimwage, mgonjwa!"

Nikanywa. Chungu, ndugu zangu! Na kilichoniuma zaidi ya ule uchungu ni kwamba mimi, mtoto niliyelelewa na misheni, sina mama wala dada, hapakuwa na mtu aliyewahi kunichemshia dawa. Nimepata mtu wa kunionea huruma, na nimempata kwa uongo. Nikataka kusema kweli, badala yake nikamrudishia kibuyu, nikasema asante.

Tulipofika katikati ya mto, Bi Mwanaidi akaacha kusukuma. Akashika tumbo kwa mikono miwili, akakaa polepole. Upondo ukabaki umesimama kwenye tope. Maji yakaugeuza mtumbwi, ukaanza kuteremka, na kule chini viboko walikuwa wametoa masikio. Vicheko vikaisha.

Nikalia, "Bwana Yesu, usimwadhibu huyu kwa uongo wangu!" Hiyo ndiyo sala yangu ya kwanza isiyokuwa na mzaha ndani yake. Nikampa mwenzangu bunduki, nikauwahi upondo kabla haujatuacha, nikausukuma mtumbwi kwa nguvu zangu zote. Kiboko mmoja akafungua kinywa, akakiacha wazi. Nami namsukuma Yesu kwa maneno na mto kwa upondo, mpaka ubavu wa mtumbwi ukagusa majani ya ng'ambo. Bwana ametenda!

Nikampandisha Bi Mwanaidi juu, wanawake wa pale wakampokea. Nikapiga magoti mbele yake, msafara mzima unatazama.

"Dada, sikuwa na homa. Nilitaka hili koti."

Machozi yakamtoka. Kisha akasema, "Na dawa yangu umeinywa yote?"

"Yote."

"Basi vizuri. Ilikuwa chungu?"

"Sana."

"Vizuri."

Safari hii sikutoroka. Nilimwendea mnyampara uso kwa uso, nikamwambia yote, nikamwomba aniache. Akanitukana matusi ambayo humu ndani hayasemeki. Halafu akasema, "Askari anayemkimbia mwanamke mwenye mimba, nikikutana na maadui nitamfanyia nini? Vua!" Nikavua. Nikarudi kwenye mtumbwi kifua wazi, nikavusha msafara wote uliobaki.

Bwana Shomari siku nne alikuwa ananisogezea chakula kwa mguu. Sikumlaumu. Siku ya tano uchungu uliokuwa umetulia ukamrudia Bi Mwanaidi, mtoto akazaliwa, wa kike, mzima, ana sauti kama tarumbeta, na mama yake mzima. Bwana Shomari akatoka nje, akasema "Alhamdulillahi," akanishika bega kwa ule mkono wake mzima, akalia. Nami nikasema, asante Yesu, nikalia. Tukalia hapo kama wajinga wawili.

Ndugu yangu, labda umetoa neno mahali, na sasa umeona pazuri zaidi, unatafuta homa ya kusingizia. Usisingizie. Kwenda si dhambi, lakini nenda ukaseme mwenyewe kwa mdomo wako, wakupe ruhusa au wakunyime. Unaogopa? Hata mimi niliogopa. Mwite Yesu, atasimama na wewe hapo mbele ya mtu uliyemkosea. Mimi hakuniacha. Na sasa mniwie radhi, siwezi kukaa mpaka mwisho: kuna watu wanangoja kuvuka, na yule mama bado yuko kitandani. Asifiwe Bwana!