Ombi la Damu Lililokataliwa

Benchi letu limeegemea ukuta wa hospitali, karibu na muuza kahawa. Asubuhi hiyo tulikuwa mimi fundi viatu, kinyozi tunayemwita Wembe, na Mzee Breki, dereva mstaafu wa malori. Akaja Nywila, dada anayeandika programu za hospitali, akaketi na kompyuta mapajani, macho mekundu. Programu yake ndiyo humwombea kila mgonjwa damu, kwa jina lake, kwenye kompyuta za benki ya damu. Tangu jana kila ombi linakataliwa, na wauguzi wanahangaika na simu.

— Wamekununia, Wembe akasema. Uliwaomba kwa adabu?

— Wamebadilisha masharti. Sasa kila ombi lifungwe, lisisomeke njiani, na litiwe sahihi wajue ni letu. Programu yangu inajitambulisha kwa jina la hospitali na neno la siri tu.

— Basi kuna mtu kajificha ndani ya waya, Mzee Breki akasema. Mimi nimewahi kumsikia akikohoa.

— Waya ni mwembamba, Wembe akakata shauri. Wahenga walisema damu ni nzito kuliko maji. Itapitaje humo?

Nywila hakucheka.

— Bosi anataka tuwabembeleze benki watuachie tupite wazi kama zamani. Mimi siombi hilo.

— Mtii bosi, mwanangu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sasa wewe ukuta wa nini?

— Ndio huo huo ninaoutaka, mzee.

Akafungua ukurasa wa mipangilio, akachagua sera ya usalama inayolingana na ya benki, akatuma ombi upya. Likarudi. Akasoma jibu taratibu, kidole kwenye kioo.

— Sahihi wameikubali. Ila hawawezi kulifungua.

— Nilisema, waya, Wembe akanong'ona.

— Kosa ni langu. Nimelifunga kwa kufuli letu badala ya lao. Ufunguo wataupata wapi?

Akaweka cheti cha benki, ndicho kufuli lao, mahali pa kile cha hospitali, akatuma tena. Hata muuza kahawa aliacha kumimina.

— Wamepokea, Nywila akasema. Damu ipo, inaletwa.

Akashusha pumzi, akafunika kompyuta. Mzee Breki akampa kikombe chake mwenyewe.

Muuguzi mmoja akatoka getini, aproni ikiwa bado mwilini.

— Dada, ombi limepita kweli? Mama wa watu yuko kwenye meza ya upasuaji anasubiri.

— Limepita. Na safari hii jina lake halisomwi na mtu njiani.

Muuguzi akashukuru, akageuka aende, kisha akasimama.

— Safari hii? Na wale wote tuliowaombea damu zamani, majina yao yalisomwa na nani?

Wembe akamtazama Mzee Breki. Mzee Breki akatazama barabara. Mke wangu alilazwa hapa mwaka jana, naye aliombewa damu.

Nywila akaweka kikombe chini kabla hajanywa, akaifunua kompyuta.

— Sijui, akasema. Kaa hapa, tuanze kutafuta.