Pikapu Tuliyoijaribu kwa Kushuka

Ndugu zangu, mnaniona nimeshika karatasi. Wanaonijua wanajua mimi si mtu wa kuongea. Hata darasani mwalimu akiniuliza jina, naangalia dirisha kwanza. Mambo yangu huwa naandika tu kwa daftari, nafunga. Leo nimeamua kusoma mbele yenu hapa kanisani. Sauti ikipotea ningojeni, itarudi.

Watu wa Mumbuni mnaijua trela yetu, ile ya tangi la bluu. Hiyo ndiyo inatulisha na kunilipia shule. Zamani tulibeba maji kwa punda, mitungi minne kila safari, mpaka Baba akanunua trela ikiwa imeshaota kutu na fundi akaichomelea upya. Ikabaki kutafuta pikapu ya kuivuta.

Tukafanya vile sisi sote hufanya hapa: gari linachaguliwa kwa mlima. Kina mama wa mwethya, wale wanaochimbiana matuta ya shamba kwa zamu, walipanda nyuma wote wakiimba, na ile pikapu ndogo ya petroli ikaja mpaka hapa juu bila kukohoa. Watu wakapiga makofi. Mjomba wangu akasema, "Hii imepita mtihani!"

Sasa nawauliza, ndugu zangu: maji yetu yanaenda juu ama yanaenda chini? Kisima kiko hapa juu nyuma ya kanisa. Wateja wako kule chini ng'ambo ya mto. Tunapanda na tangi tupu, tunashuka nalo likiwa limejaa. Kila mtu alilijua hilo, na hakuna hata mmoja aliyelifikiria.

Siku ya kwanza tangi lilipojaa, nyuma ya pikapu ililala na taa za mbele zikaangalia mawingu. Tulicheka. Baba akasema gari limeingiwa na maringo. Hatari tuliiona kwa macho yetu, tukaipa jina la utani.

Mimi nilikuwa nimekaa katikati, kati ya Baba na Mama. Kwa ule mteremko wa kalvati, lile daraja dogo la mtaro, Baba akakanyaga breki. Pikapu ilitaka kusimama. Trela haikutaka. Maji yalijirusha mbele ndani ya tangi, tukasukumwa kama mtu anayesukumwa na umati mlangoni. Baba akapiga kelele, "Usukani umekuwa mwepesi!" Trela ikatoka kando, ikatugeuza, tukaingia mtaroni. Mimi na Mama tulitoka na mikwaruzo. Mguu wa Baba ulivunjika mahali pawili. Trela ilipona, lakini pikapu haikufaa tena. Maji yaliendelea kushuka barabarani peke yake.

Halafu maneno yakaanza. Mengine yalisemwa hapa hapa kwenye viti hivi, na sitataja mtu, kwa hivyo msiangaliane. "Trela si kazi ya watu wadogo." "Warudi kwa punda wao." Mmoja alinisimamisha dukani akaniuliza, "Na nyinyi bado mnataka kufa na maji?" Nilichukua chumvi yangu nikaenda. Jibu langu ni hili, limechelewa lakini limefika: hatukutaka kufa. Tulitaka kula.

Baba akiwa kitandani, Mama alianza kujifunza kuendesha gari. Huyo huyo Mama aliyekuwa akifunga macho Baba akipita lori! Nami nikawa siwezi kuketi kiti cha katikati cha gari lolote. Nikikaa tu, nasikia ile trela mgongoni.

Siku moja Mjomba akatuletea muuzaji kutoka Kyumbi na magari mawili. La kwanza lilikuwa dabo kabin nyeusi ya milango minne, viti vya ngozi, redio inayokusalimia. La pili lilikuwa pikapu nyeupe ya dizeli, ya milango miwili, mbaya kwa sura, na springi zake za nyuma ni vyuma vimepangwa kama chapati kwa sahani. Mjomba hata hakuiangalia. Alikuwa ameshaingia kwenye ile nyeusi.

"Haya, twendeni tupande mlima," muuzaji akasema.

Nikasikia mtu anasema, "Hapana. Tushuke." Niliangalia nyuma nione ni nani. Wote walikuwa wananiangalia mimi.

Muuzaji akanicheka. "Mami, unanunua gari ama unanunua breki?"

"Nanunua kurudi nyumbani," nikamjibu.

"Aiya!" Mjomba akasema. "Kumbe huyu huongea?"

Mama hakucheka. "Leteni trela," alisema. "Jazeni tangi."

Ile nyeusi haikufika hata mteremkoni. Tangi likiwa nusu, nyuma ilishaanza kulala, na ile ndoano ya kuvutia, iliyokuwa imechomelewa kwa bampa tu, ikaanza kupinda. Mjomba alikuwa bado ndani. "Lakini redio ni nzuri," alisema, na hapo hata muuzaji akacheka.

Tukafunga trela kwa ile nyeupe. Ndoano yake ilikuwa imeshikwa kwa bolti kwenye chasis, ile mifupa ya gari yenyewe. Tangi likajaa pomoni. Taa zikabaki zinaangalia barabara. Mama akashika usukani, na mimi, ndugu zangu, nikaketi katikati.

Mama aliingiza gia ndogo kabla ya mteremko. Tukashuka polepole, injini ikinguruma kama mtu anayekataa. Pale pale kwenye kalvati akakanyaga breki. Maji yakapiga ukuta wa tangi: *du!* Gari likatikisika mara moja, likasimama. Mama akazima injini. Tukakaa hapo, na ule uzito wote nyuma yetu, na hakuna kitu kilichosogea.

Baba alikuwa anatungoja chini na mikongojo yake. Alizunguka mpaka nyuma, akainama akaangalia springi. "Haikulala," alisema. "Tuchukue hii."

Nawashukuru kina mama wa mwethya. Wakati tulikuwa hatuna gari, waliwapelekea wateja wetu maji kwa punda wao, tusipoteze hata mmoja, na walikataa shukrani yoyote isipokuwa chai. Namshukuru Mjomba, ambaye bado anaulizia ile redio. Na Mungu, kwa ule mtaro. Ungekuwa mto tusingekuwa hapa.

Funzo langu ni fupi. Anayetaka kukuvutia mzigo, gari ama mtu, usimsifu kwa kupanda akiwa mwepesi. Mpakie, umwangalie akishuka.

Na wale wa "warudi kwa punda", mimi sina kinyongo. Wawili wenu mmeagiza maji ya leo. Trela iko hapo nje, imejaa. Tukishasema amina, Mama atawasha pikapu tuwaletee. Mimi nitakuwa katikati.