Bibi wa Utepe wa Kijani

Mbinga nzima inalima kahawa, ila wanaoinywa ni wachache, na nusu ya hao hukaa kwenye benchi la Luisa. Ubao mmoja juu ya matofali, birika jeusi juu ya jiko la mkaa, na mbele yake barabara ya lami inayoteremka kona kwa kona hadi Mbamba Bay, ziwani. Pembeni ya benchi ndipo ilipo karakana ya Ignatio, fundi pikipiki, ambaye kijiweni wanamwita Spoku kwa wembamba wake. Asubuhi hiyo pikipiki tatu zilikuwa zimelala zikimsubiri, naye hakuwa ameshika hata spana. Alikuwa benchini, kikombe kimepoa mkononi, macho yapo barabarani, maana mjomba wa mchumba wake, Scholastica, alikuwa njiani kupanda kutoka ziwani kuja kuvunja uchumba.

Ignatio alikuwa mjane. Mkewe Benadetha alifariki miaka kadhaa nyuma, watoto wakakua wakatawanyika, akazoea kula ugali wa peke yake. Kisha siku moja ya mvua, mama mmoja muuza usipa, dagaa wa ziwani, kutoka Chiwanda akaletwa na pikipiki iliyokatika mnyororo. Alikuwa mjane naye. Ignatio alitengeneza huku mama akimshikia mwavuli, wakacheka kwa jambo ambalo baadaye hakuna aliyelikumbuka, na toka hapo kila Scholastica alipopandisha samaki sokoni, mnyororo ulikuwa unahitaji kuangaliwa. Posa ilipelekwa, ikapokelewa. Ilibaki padri kutangaza ndoa.

Ndipo wakaja watafiti.

Walikuwa wamepita vijijini mwaka uliotangulia, wakisugua pamba mashavuni mwa watu, wakisema wanafuatilia ukoo wa kwa mama tangu zama za kale, na kuulinganisha na mifupa iliyofukuliwa mapangoni. Ignatio alitoa shavu lake, Scholastica alitoa lake. Wiki iliyopita watu waliitwa Mbamba Bay kuelezwa majibu. Kila aliyekubali alifungwa utepe mkononi: wenye ukoo mmoja wa kwa mama, rangi moja. Ignatio alifungwa wa kijani. Akageuka kumtafuta mchumba wake, akamwona upande wa pili wa ukumbi, ameinua mkono, anacheka. Wa kijani.

Ignatio naye alicheka. Mjomba Xaveri, mkubwa wa ukoo wa Scholastica, hakucheka. Alisimama akatoka, na siku moja kabla ya asubuhi hiyo akatuma neno: "Mama yao mmoja. Hakuna ndoa hapo. Nakuja mwenyewe."

— Kwani wewe Spoku, umelala? — aliuliza Gia Tano. Jina lake Sixbert, ni dereva wa bodaboda, na haendeshi wala haongei polepole.

— Sijalala hata usiku — akajibu Ignatio.

— Mwache — alisema Mzee Ildefonsi, ambaye wanamwita Redio kwa kuwa hakuna anayejua anazimwa wapi. — Jambo lake zito. Mimi nimelichambua. Neno lenyewe wanalolitumia linasema. Wanakiitaje kile kitu kilichomo damuni?

— Vinasaba.

— Haya, ligawe sasa. Vina saba. Vizazi saba! Mkiwa na vinasaba vimoja, ninyi ni ndugu ndani ya vizazi saba. Wala huhitaji darubini.

Luisa, aliyekuwa anapuliza mkaa, aliinua kichwa.

— Mzee, hilo ni neno moja tu.

— Wewe pika kahawa, binti yangu. Wahenga walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Maana yake nini? Asiyepimwa na mamaye hupimwa na watafiti.

Ignatio alitamani kucheka, ila hofu ilimshinda. Alichoogopa si mjomba. Alimwogopa Redio, maana maneno ya Redio yalikuwa yanafanana na maneno aliyokuwa akijiambia mwenyewe kitandani. Je, kama ni kweli? Kama yule mama aliyemshikia mwavuli ni dada yake?

— Mimi naona hivi — alisema Gia Tano. — Huyo bibi wa kijani alitoka ziwani. Alikuwa na mabinti wawili, wakagombana juu ya samaki. Mmoja akabaki pwani kwa Wanyasa, mwingine akapanda huku milimani kwa hasira akawa Mmatengo. Ndiyo maana Wamatengo wanalima kwenye miteremko mikali vile. Ni hasira.

— Hapo umeniacha — alisema Luisa.

— Subiri! Wale watafiti wanatafuta mwenye ziwa. Wakishampata, kila utepe unapewa maji yake. Wa kijani wanakata kuanzia Liuli mpaka Chiwanda. Spoku, utakuwa na ziwa na hujui kuogelea!

— Acha utani na jambo la mtu — alikemea Redio, kisha akaongeza la kwake. — Ziwa si kitu. Tatizo ni watoto. Damu ya kale ikikutana na damu ileile ya kale, inajirudia. Mtoto atazaliwa na mvi.

— Mvi!

— Mvi, na anaongea lugha ya mapangoni. Wapishi wengi huharibu mchuzi, na bibi mmoja huharibu ukoo.

— Mzee Ildefonsi — alisema Ignatio taratibu —, mimi na Scholastica tumepita umri wa kuzaa.

Redio alifikiri kidogo.

— Basi mvi zitakuwa zenu wenyewe.

Hata Luisa alicheka hapo. Ignatio aliinamisha kichwa, na kicheko kilipokatika walisikia basi dogo likipumua pale kituoni. Alishuka mzee mrefu mwenye kofia na koti la kanisani. Nyuma yake alishuka Scholastica, kitenge kimefungwa kwa nguvu kiunoni kama mtu anayekwenda kulima.

Benchi zima lilisimama.

— Shikamoo, mjomba — alisema Ignatio.

— Marahaba. — Mzee Xaveri hakukaa. — Sikuja kugombana, baba. Wewe ni mtu mwema, nimeulizia. Ila damu haina wema. Mmefungwa utepe mmoja mbele ya watu. Mama yenu mmoja. Nikikaa kimya, mababu watanihukumu na padri naye atanihukumu. Uchumba huu nauondoa leo.

Redio alitikisa kichwa kwa huzuni ya mtu aliyekwisha kusema. Ignatio alimtazama Scholastica, akaona kwamba hakuwa analia.

— Mjomba — alisema Scholastica —, naomba kuuliza. Huyo mama yetu mmoja, aliishi lini?

— Lini vipi?

— Mwaka gani? Wakati wa Wajerumani? Kabla ya Wangoni kufika? Lini?

Mzee Xaveri alianza kuhesabu kwa vidole, akaacha. Scholastica akageukia benchi.

— Nanyi wazee wa kijiwe, nasikia wiki nzima mnamchambua huyo bibi. Mnajua alikotoka, mnajua na wajukuu zake watazaliwaje. Aliishi lini?

— Ndani ya vizazi... — alianza Redio, akamgeukia Gia Tano. Gia Tano alitazama kikombe chake.

— Basi tumwulize mwenyewe aliyempata — alisema Scholastica, akatoa simu. — Alituachia namba akasema tuulize. Sote tukaondoka tunanong'ona, hakuna aliyeuliza.

Simu iliita mpaka Ignatio akadhani haitapokelewa. Kisha sauti ya Daktari Herieth, mmoja wa wale watafiti, ikajaa kijiweni, maana Scholastica alikuwa ameifungulia spika. Alieleza shida yao kwa kifupi. Upande wa pili daktari akavuta pumzi.

— Jamani, mama yangu! Kosa letu, hatukueleza vya kutosha. Sikilizeni. Mama anampa mtoto alama fulani mwilini, naye binti anampa wanawe, hivyo hivyo. Ila baada ya vizazi vingi sana alama hubadilika kidogo, kama nakala iliyotolewa kwenye nakala. Sisi tunahesabu mabadiliko hayo, na tunalinganisha na mifupa ya kale, tunakadiria muda. Huyo mama wa utepe wa kijani tunakadiria aliishi miaka zaidi ya elfu ishirini iliyopita.

— Elfu ngapi? — aliuliza Mzee Xaveri, akisogea karibu na simu.

— Ishirini, baba. Kabla ya jembe. Kabla ya chungu. Hapakuwa na Mmatengo wala Mnyasa wala Mngoni. Kati yake na Scholastica kuna akina bibi kama mia nane, mmoja nyuma ya mwingine. Kati yake na Ignatio, vivyo hivyo. Undugu wao ni kama undugu wako na yeyote utakayekutana naye sokoni. Pale ukumbini peke yake, karibu nusu ya watu walivaa kijani.

Ignatio alikaa. Pumzi aliyokuwa ameishikilia tangu Mbamba Bay ilitoka yote kwa mkupuo, ikatoka na sauti, na Luisa akamwekea mkono begani.

Mzee Xaveri alikuwa bado amekunja uso.

— Kijani ni kijani — alisema, ingawa sauti ilikuwa imelegea. — Mimi nilivaa kijani kwa sababu mama yangu ndiye bibi yake Scholastica. Hiyo naielewa. Lakini huko nje...

— Mjomba — alisema Scholastica kwa upole. — Mama Jastini alivaa utepe gani?

Mama Jastini alikuwa mke wa Mzee Xaveri. Wameishi pamoja toka ujana, wamezaa, wana wajukuu. Mzee alivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba jibu limo humo.

— Kijani — alisema mwishowe. — Alivaa kijani. Mimi nilidhani... nilidhani mke anafuata rangi ya mumewe. Kama vitenge vya sherehe.

Aliyeanza kucheka ni daktari, kwenye simu. Halafu Gia Tano, halafu benchi zima, na mwisho Mzee Xaveri mwenyewe, akicheka huku anafuta macho kwa kofia.

— Nenda kamwambie sasa kwamba umemwoa dada yako — alisema Redio.

— Atanipiga na mwiko — alisema mzee, na kwa mara ya kwanza akakaa. — Nipeni kahawa. Uchumba wa watu nimekaribia kuuvunja bure.

Kelele zilipotulia, Ignatio aliinama kwenye simu.

— Daktari, umesema binti ndiye anayewapa wanawe. Na sisi wanaume je?

— Mwanaume anayo, kapewa na mama yake. Ila hagawi. Watoto wako wanayo ya marehemu mama yao.

— Ahsante, daktari — alisema, na simu ikakatwa.

Alibaki ameinama vilevile. Scholastica aliuona uso wake, akakaa karibu naye.

— Nini tena?

— Mama yangu, Teodora wa Ruanda hapa Mbinga, alizaa wavulana watupu. Kumbe alama hiyo imeishia kwetu. Akina bibi mia nane wamepokezana mpaka kwake, halafu ikaangukia mikononi mwa mafundi na wakulima wasiojua kuigawa. — Alijaribu kutabasamu. — Nimepona jambo moja nikaumwa lingine.

Scholastica alifikiri. Wengine walijifanya wanatazama barabara.

— Kwani hiyo ya kwako na ya kwangu si moja?

— Moja.

— Binti yangu Walburga anayo. Mdogo wake anayo. Na Walburga amejifungua binti mwezi uliopita, ananyonya kama ana deni. Anayo naye. — Alimgusa mkono pale utepe ulipokuwa umefungwa wiki iliyopita. — Haijaishia kwenu, Ignatio. Ipo Chiwanda, inalia usiku kucha, haituachi tulale.

Ignatio alisimama, akapangusa mikono yake isiyo na mafuta, akaenda kufunga mlango wa karakana.

— Na pikipiki yangu? — alipiga kelele Gia Tano.

— Kesho.

— Unakwenda wapi?

— Parokiani, tangazo lipate kusomwa Jumapili hii. Halafu nateremka ziwani kumwona mtoto.

Mzee Xaveri alimeza kahawa yake kwa haraka ikamuunguza, akasimama akikohoa.

— Ngojeni, twende wote. Padri akisikia kwangu mimi ataamini zaidi.

Wakavuka barabara watatu, Scholastica katikati. Benchini Redio alinyoosha kikombe kuomba kingine. Luisa aliinamisha birika, likatoa tone moja, kisha mashapo.

— Imekwisha, mzee.

— Haiwezekani. Sijasema lile kubwa. Hivi ninyi mmejiuliza bibi wa huyo bibi wa kijani naye alivaa utepe gani?

Luisa aligeuza birika juu chini ili likauke.