Nilikagua Ndimi za Nguruwe, Nikaficha Tegu Wangu

Bwana Yesu asifiwe! Asifiwe tena, maana sauti hiyo bado ni ndogo kwa jambo alilonitendea!

Ndugu zangu wa Qurus, mnanijua. Mimi ndiye yule aliyechuma kahawa Oldeani bila viatu, akasoma kwa vitabu vya kuazima, akaenda chuo, na vita vya Kagera vilipokwisha akarudi na stashahada ya mifugo. Hakuna mjomba aliyenishika mkono! Cheti changu nilikitia kwenye fremu kabla sijanunua kitanda, na sioni haya kusema. Kutoka hapa mpaka lango la Ngorongoro, mfugaji gani hakunijua?

Kazi yangu ilikuwa kukagua nyama. Nguruwe analazwa chini, kijiti kinawekwa mdomoni, ulimi unavutwa, napapasa chini yake. Nikikuta vivimbe kama punje za mchele, basi nguruwe huyo amejaa watoto wa tegu, na nyama yake naikataa. Nilikataa hata nyama za wazee wa kanisa! Waliniogopa, nami nilifurahi kuogopwa.

Lakini desturi ya machinjioni kwetu mnaijua. Mkaguzi akifika, anachomewa kipande cha kiuno hapohapo, kinatolewa motoni bado kinatoa damu. "Onja kwanza, Bwana Mifugo, muhuri utafuata!" wachinjaji walikuwa wakisema. Nami naonja! Nakula nyama ambayo sijaikagua, mimi niliyesoma hatari yake darasani, kwa sababu kipande kile cha kwanza ni heshima ya mkubwa.

Ndugu zangu, baada ya miezi kadhaa nikaona kwenye kinyesi changu vipande vyeupe, bapa, kama utepe uliokatwakatwa. Nilijua ni nini tangu siku ya kwanza! Nilikuwa na tegu tumboni. Vidonge vilikuwepo zahanati, mwendo wa saa moja kwa miguu. Lakini nipange foleni pamoja na watu niliowakatalia nyama zao? Wangecheka mpaka kijiji cha Buger wakasikia. Nikanyamaza. Mwaka ukapita, wa pili ukapita, nimenyamaza.

Na choo kwangu hakikuwepo. Shimo lilikuwa limefika magotini tu, maana nilikuwa na shughuli nyingi za kuwafundisha wengine kuchimba. Nikawa naingia kwenye mahindi kama watu wote, nguruwe wangu wananifuata nyuma. Nikitoka huko nafuta mikono kwa majani, naingia jikoni kukata kachumbari. Kachumbari nilijifunza mjini! Nilitaka mke wangu, Mama Paulo, ajue amepata mume wa kisasa. Alikuwa akila na kunisifu.

Siku moja mchana akiwa anasonga ugali, alianguka. Alitetemeka mwili mzima, povu likamtoka, mkono ukaingia motoni. Nilimvuta nikiwa nalia. Wiki ile akaanguka tena. Mwezi uliofuata, mara tatu! Majirani wakasema amerogwa. Wengine wakaficha vikombe vyao asije akanywea, wakidhani kifafa kinaambukiza kwa mate. Ndugu zangu, aliyekuwa akiongoza sauti ya pili hapa kwaya alikaa nyuma peke yake, benchi zima!

Mama mkwe akaja kutoka Buger kumchukua. "Mkwe," aliniambia, "nilikupa binti mzima. Sasa namkuta na mkono ulioungua, watoto wanamlinda asikaribie moto. Nikuachie mpaka afe?" Nilimwomba kitu kimoja tu: twende kwanza hospitali, wote watatu.

Daktari alimpapasa Mama Paulo mkononi, vidole vyake vikasimama mahali pamoja. "Bwana Mifugo, hebu shika hapa." Nikashika. Kivimbe kidogo, kigumu, chini ya ngozi. Vidole vyangu vilikitambua kabla ya akili! Daktari akakipasua, akakitoa: kifuko cheupe, punje ya mchele ileile niliyoikataa kwa nguruwe kila siku ya mnada. Ilikuwa ndani ya mke wangu!

"Na kichwani vimo pia, nadhani. Ndivyo vinavyomwangusha," daktari akasema. "Nyama mbichi humpa mtu tegu tumboni. Lakini hivi vinatokana na mayai ya tegu, na mayai hutoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu. Nyumbani kwenu nani ana tegu?"

Mama Paulo akainamisha kichwa. "Labda ni mimi, daktari," akasema.

Ndugu zangu! Pale ningeweza kunyamaza tena. Mama mkwe angemchukua mwanawe, na jina langu lingebaki safi. Lakini Roho wa Bwana alinikamata kifuani, nikapiga kelele hata wagonjwa wa nje wakachungulia: "Ni mimi! Nimemficha miaka miwili!"

Daktari akanipa vidonge, na mama mkwe akanitazama juu mpaka chini. "Msomi mzima! Haya, meza hivyo vidonge nikiviona vinashuka."

Nikameza. Tegu akatoka! Na mama mkwe hakurudi Buger. Aliketi kwenye ukingo wa lile shimo la choo siku nne, akiniimbia: "Chimba, stashahada, chimba!" Nilichimba mpaka kichwa changu kikapotea ndani. Nguruwe nikawajengea banda. Sabuni ikakaa mlangoni. Machinjioni nikatangaza: ukaguzi kwanza, na nyama iive mpaka ndani!

Mama Paulo anameza dawa zake za kifafa kila siku, haruki hata moja. Tumevuna mahindi mara mbili, hajaanguka! Mama Paulo, simama wakuone! Huyo hapo! Ugali wa jana kausonga mwenyewe, jikoni peke yake. Haleluya!

Sasa nakwambia wewe unayeona vipande vile vyeupe na kukaa kimya kwa aibu: mkeo anakula kutoka mikononi mwako. Mungu aliyenifungua kinywa ndiye huyuhuyu anayekungoja, mwamini. Kesho asubuhi nitakuwa kwenye benchi la zahanati, pale mbele kabisa mnaponiona wote. Njoo uketi karibu nami. Sitakuuliza neno, nitasogea tu upate nafasi. Bwana azishike nyumba zenu. Amina!